Kihispania kwa waongoza wageni: amri za "siéntense", "pónganse", "fíjense". Anzeni na ustedes, si tú

MwalimuWaNjiro

Wakuu, salaam.

Uzi huu ni wa wanaopeleka wageni mlimani na porini: waongozaji, madereva, wapishi wa kambi, dada na kaka zetu wa mapokezi kwenye loji, na yeyote wa Arusha au Moshi anayejifunza Kihispania jioni baada ya kazi. Nafundisha vikundi vidogo hapa Njiro, na kila msimu nakutana na kikwazo kilekile. Mtu anajua kusalimia, anajua kuhesabu, anajua majina ya wanyama mpaka nguchiro na pimbi, lakini ikifika saa ya kumwambia mgeni akae, avae glovu, ashike mwamba vizuri, ulimi unagoma. Anaishia kuonyesha kwa mikono. Na kwa kazi yetu amri si mapambo. Usiku wa kwenda kileleni, au gari likiwa mita chache kutoka kwa simba jike mwenye watoto, sentensi inayohitajika ni fupi na inahitajika sasa hivi.

Kinachokwamisha ni hiki: kwa Kihispania, vitenzi vingi vya mwili, mavazi na mwendo havitembei peke yao. Vinabeba kiwakilishi cha kujirejea, kile kinachofanana kazi na "-ji-" yetu ya jifunike, jikinge, jiandae. Sisi tunakaa tu, tunaamka tu, tunavaa tu. Wao kukaa ni sentarse, kuamka na kuinuka ni levantarse, kuvaa ni ponerse, kukaribia ni acercarse, kubaki ni quedarse, kuangalia kwa makini ni fijarse. Hiyo "se" ya mwisho ndiyo inayosumbua, kwa sababu kwenye amri haitulii mahali pamoja.

Kanuni yenyewe ni fupi. Ukiamuru jambo lifanyike, "se" inagandishwa nyuma ya kitenzi, neno linakuwa moja. Ukikataza, "se" inaachia kitenzi na kwenda mbele, inasimama peke yake baada ya "no".

Siéntense. / No se sienten.
Pónganse los guantes. / No se pongan los guantes.
Acérquense. / No se acerquen.
Quédense aquí. / No se queden aquí.

Sasa tazameni vizuri hizo jozi. Kitenzi hakijabadilika hata herufi, ukiacha alama ya mkazo. Sienten ni sienten, pongan ni pongan. Kilichohama ni "se" tu. Hii ndiyo sababu nasema anzeni na ustedes, yaani "nyinyi". Vitabu vingi na programu za simu zinaanza na tú, "wewe" wa kirafiki, na hapo mwanafunzi anabebeshwa mizigo miwili kwa mpigo, maana kwa tú kiwakilishi kinahama na kitenzi nacho kinabadilika sura:

Siéntate. / No te sientes.
Ponte el gorro. / No te pongas el gorro.
Vete. / No te vayas.

Mswahili hana haja ya kushangaa, kwa sababu kwetu ni vilevile. Kaa, lakini usikae. Vaa, lakini usivae. Mwisho wa kitenzi umegeuka. Ila ukisema kwa adabu, "mkae, tafadhali", halafu ukakataza, "msikae", ile -e imebaki palepale. Amri ya ustedes ni "mkae, mvae, msogee" ya Kihispania. Ina adabu ndani yake, na inakaa sawa kwenye kuamuru na kwenye kukataza. Wewe unaongea na kikundi cha watu sita ndani ya gari, wengine wana umri wa wazazi wako. Kwa nini uanze na umbo la kumwambia rafiki mmoja?

Namna ya kuliunda: chukua kitenzi kwenye "mimi" ya wakati uliopo, toa -o, kisha badilisha irabu. Vya -ar vinachukua e, vya -er na -ir vinachukua a. Ongeza n ya wingi, gandisha se.

levantarse: me levanto, levante, levanten, levántense
ponerse: me pongo, ponga, pongan, pónganse
vestirse: me visto, vista, vistan, vístanse
hacerse: me hago, haga, hagan, háganse

Hiyo ya mwisho watu wa mlimani ishikeni: "Háganse a un lado, que pasan los porteadores." Sogeeni pembeni, wagumu (wapagazi) wanapita. Njia ya Machame ya Kilimanjaro asubuhi, wagumu wakipita na mizigo kichwani, utaisema mpaka uchoke.

Ukitaka mtu mmoja kwa heshima, yaani usted, toa ile n tu: siéntese, póngase, levántese. Kwa hiyo ukijua ustedes umepata na usted bila gharama.

Vinavyokataa njia hii ya "mimi" ni vichache. Irse, kuondoka, inatoa váyanse. Darse prisa, kuharakisha, inatoa dense prisa. Na vya -car na -gar vinabadilisha mwandiko ili sauti ibaki ileile: acercarse inakuwa acérquense, abrigarse, kujifunika na baridi, inakuwa abríguense.

Ulizeni, nitajibu kadiri muda unavyoruhusu.

ChaliiWaSakina

Mwalimu, heshima yako. Hii ya "mkae / msikae" imenifungua. Nina swali. Mimi naendesha, na wageni wangu wengi wanatoka Uhispania kwenyewe. Wakiongea wao kwa wao siwasikii na hizo siéntense. Nasikia kitu kama "sentaos", "poneos". Sasa nikiwaambia ustedes hawataniona nimetoka sayari nyingine?

MwalimuWaNjiro

Swali zuri, chalii yangu. Uhispania wana "nyinyi" mbili. Ustedes ni ya heshima. Vosotros ni ya marafiki, na hiyo ndiyo unayoisikia garini. Amri ya vosotros inaishia na d: sentad, poned, levantad. Ikigandishwa na kiwakilishi chake, os, ile d inaanguka: sentaos, poneos, levantaos. Vya -ir vinachukua alama juu ya í: vestíos. Kimoja tu hakikubali kuangusha d, nacho ni irse: idos. Na hata hicho watu walikuwa wanasema "iros" kwa miaka mingi, mpaka mwaka 2017 Akademia ya Kifalme ya Uhispania ikaikubali hiyo iros nayo. Utawasikia pia wakisema "sentaros", kwa r. Ni ya mazungumzo, kwenye maandishi haipendekezwi.

Wewe zifahamu kwa sikio. Kwa mdomo baki na ustedes. Dereva anayewaambia wageni wake "Siéntense, por favor" anasikika mwenye adabu, na hakuna Mhispania atakayekunja uso. Halafu fikiria kesho umepata kikundi kutoka Meksiko, Kolombia au Peru. Kule vosotros haitumiki katika mazungumzo ya kawaida. Ustedes ndiyo "nyinyi" ya kila mtu, ya watoto na ya maaskofu. Umbo moja linakufikisha kote.

DadaWaMarangu

Naunga mkono kwa nguvu zote. Mimi naongoza mlimani, na niongeze zile ninazotumia kweli, kwa mpangilio wa safari.

Getini kabla ya kuanza: "Pónganse protector solar." Pakeni mafuta ya kujikinga na jua. Wa Amerika ya Kusini wengi wanaita bloqueador, wanaelewana.

Njiani siku za kwanza wageni wanakimbia. "No se apuren, despacio." Msiharakishe, taratibu. Na pole pole wanaijua wote, lakini ukiwaambia kwa lugha yao wanatii zaidi.

Kambi ya Horombo iko mita 3,720. Teide, mlima mrefu kuliko yote Uhispania, ni mita 3,715. Kikundi kikitoka Uhispania huwa nawaambia wakifika kambini: "Fíjense, ya estamos a la altura del Teide." Yaani, angalieni, tumeshafika urefu wa Teide. Nyuso zinabadilika! Wanaanza kuelewa wenyewe kwa nini tunawatembeza taratibu.

Ukuta wa Barranco, pale mikono inapofanya kazi: "Agárrense bien de la roca." Shikeni mwamba vizuri. Na "Quédense detrás de mí", bakini nyuma yangu.

Jioni kabla ya kileleni: "Acuéstense temprano." Laleni mapema. Saa tano na nusu usiku: "Levántense. Abríguense bien. Pónganse los guantes y el gorro."

Mwalimu, naomba ueleze jambo moja ambalo vijana wangu wanakosea. Wanasema "pónganse sus guantes". Na pia ile ya "ivaeni" ukiwa umeshaitaja nguo yenyewe.

MwalimuWaNjiro

Dada, asante sana, hizo ni za dhahabu.

La kwanza: nguo na viungo vya mwili kwa kawaida vinachukua el, la, los, las, si "yangu, yako". Pónganse los guantes. Lávense las manos. Ile se imeshasema ni za nani. Na sisi hatusemi "naweni mikono yenu" kabla ya chakula, tunasema "naweni mikono". Kwa hiyo anayesema sus guantes amekopa tabia hiyo kutoka Kiingereza alichojifunza kwanza. Afuate Kiswahili chake, atapatia.

La pili: ukishataja nguo, unaweza kuibadilisha na lo, la, los, las, na inagandishwa pia, nyuma ya se. Kujirejea kwanza, kitu baadaye.

El gorro: pónganselo.
La chaqueta: póngansela.
Los guantes: pónganselos.
Las botas (kuvua): quítenselas.

Kwenye kukataza zote mbili zinahamia mbele kwa mpangilio uleule: No se lo quiten, msiivue. Kofia, usiku ule wa kuelekea Stella Point, ukingoni mwa kreta ya Kilimanjaro, hii ni lazima uwe nayo mdomoni.

Kahawa_Chungu

Mimi nina tatizo na hivyo vikofia juu ya herufi. Ni lazima? Nawaandikia wageni WhatsApp usiku kabla ya safari, ratiba na nini cha kubeba. Nikiandika "sientense" bila kofia wanaelewa au hawaelewi?

MwalimuWaNjiro

Wataelewa. Lakini usiache, na nitakuambia kwa nini, maana hapa ndipo Mswahili anapoteleza kwenye matamshi, si kwenye maandishi tu.

Kiswahili kinaweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, karibu siku zote. Tunasema siMAma, tukiongeza -ni tunasema simaMEni. Mkazo unasogea kila tunapoongeza kitu mkiani. Kihispania hakifanyi hivyo. Ukigandisha se, mkazo unabaki pale ulipokuwa. SIENten, halafu SIENtense. Mwanafunzi wetu akifuata mazoea ya nyumbani anasema "sienTENse", na mgeni anapata kazi ya kufumbua.

Ile alama inakuambia: usihame, bonyeza hapa. Kanuni yao ni kwamba neno lenye mkazo kwenye silabi ya tatu kutoka mwisho, au nyuma zaidi, lazima liandikwe na alama. Ndiyo maana siéntense, levántense, pónganselo zinayo. Ponte na vete hazina, kwa sababu ni silabi mbili tu na mkazo uko mahali pa kawaida. Dense pia haina. Sentaos haina, mkazo uko ya pili kutoka mwisho.

Kwenye simu bonyeza herufi e na uishikilie, é itatokea. Mgeni akipokea ujumbe ulioandikwa vizuri usiku kabla ya safari, anajua kesho yuko kwenye mikono ya mtu makini.

BintiUsaRiver

Kaka Mwalimu, shikamoo kama umenizidi. Mimi ni wa mapokezi. Kwetu wageni wanafika kutoka uwanja wa ndege wa KIA wamechoka, ninawakaribisha, ninawapa juisi na taulo. Nimekuwa nikisikia wenzangu wakisema "Siéntese como en su casa" na mgeni anatafuta kiti. Ipi sahihi?

MwalimuWaNjiro

Marahaba dada. Mgeni anatafuta kiti kwa sababu ameambiwa akae!

Kuna vitenzi viwili vinavyofanana uso. Sentarse ni kukaa. Sentirse ni kujisikia. Kwa "mimi" vyote viwili vinasema me siento, kwa hiyo ukifuata kanuni yangu ya juu unaanzia mahali pamoja, na irabu ya mwisho ndiyo inayowatenganisha. Sentar ni wa -ar, anachukua e: siéntese, kaa. Sentir ni wa -ir, anachukua a: siéntase, jisikie.

Siéntese, por favor. Karibu ukae.
Siéntase como en su casa. Jisikie uko kwako.

Kwa kikundi: siéntense na siéntanse. Semeni hizo mbili kwa sauti mpaka sikio lizitenganishe. Kwa tú, zinageuka tena: siéntate ni kaa, siéntete ni jisikie. Ndiyo, herufi zinabadilishana nafasi. Sababu nyingine ya kuacha tú kwa baadaye.

Kwenye bafe, ambako najua unapita pia: "Sírvanse, por favor." Jipakulieni, karibuni. Na mgeni akiwa anaondoka: "Cuídense mucho." Mjitunze.

Mangi_wa_Rau

Niongeze onyo kwa wenzangu. Nimefanya na wageni wa nchi mbalimbali, na neno ni moja lakini linabadilika maana ukivuka bahari.

Pararse. Uhispania "párense" ni simameni kwa maana ya acheni kwenda. Meksiko, na sehemu kubwa ya Amerika ya Kilatini, "párense" ni inukeni msimame wima. Sasa fikiria uko Serengeti, paa la gari limefunguliwa, chui yuko mtini. Unataka wainuke waone, au unataka watulie? Mimi nasema "Pónganse de pie", inaeleweka kote.

Coger. Uhispania ni kushika au kuchukua, ya kila siku kabisa. Argentina na Meksiko ni tusi la chumbani. Msiiguse. "Agárrense" inatosha.

Apurarse. Amerika ya Kilatini "apúrense" ni harakisheni. Uhispania apurarse mara nyingi ni kuwa na wasiwasi. Ukitaka haraka, "dense prisa". Dada wa Marangu, ile yako ya "no se apuren" inafanya kazi pande zote, kwa mmoja ni msiharakishe, kwa mwingine ni msihofu, na mlimani yote mawili ni ya kweli.

Na gari: carro, coche, auto, kila nchi na lake. "No se bajen del vehículo", msishuke garini, haina ugomvi popote.

DadaWaMarangu

Mangi, asante, nimeichukua. Niongeze "cállense". Ni nyamazeni, ni kali sana. Hata kama tembo yuko karibu, sema "Hablen bajito, por favor", ongeeni kwa sauti ya chini.

Na "váyanse" ni ondokeni zenu. Tukitaka kusema twende ni "vámonos".

Majengo_Moja

Mwalimu, nakuheshimu lakini hapa nakupinga. Tú ndiyo yenye maisha. Wageni wengi vijana, hasa wa Uhispania, siku ya kwanza tu wanakwambia "tutéame", acha habari za usted. Safari ya siku saba unakula nao, unacheka nao, unawashika mkono wakitapika kwa urefu wa mlima. Ukiendelea na "póngase" unaonekana umeweka ukuta. Binafsi tú imenipatia marafiki ambao wanarudi na wanaleta ndugu zao.

MwalimuWaNjiro

Ndugu yangu wa Majengo, sikukatazi tú. Nasema nini kianze. Mgeni akikuomba mwenyewe umwambie tú, mpe, ni heshima aliyokupa. Na namna yake ni hii, niiweke wazi kwa walio tayari:

Kwa kuamuru, chukua umbo la "yeye" la wakati uliopo, gandisha te. Se levanta, levántate. Se queda, quédate. Se fija, fíjate. Se abriga, abrígate. Vipo vitenzi vifupi vinavyokaidi, na vinavyohusika kwenye kujirejea ni hasa hivi: ponte, vete, hazte (hazte a un lado), vente.

Kwa kukataza, rudi kwenye irabu iliyogeuzwa na uongeze s: no te levantes, no te quedes, no te pongas, no te vayas, no te hagas.

Umeona? Hiyo "levantes" ni levante ya usted pamoja na s. Aliyeanza na ustedes nusu ya tú anayo tayari. Aliyeanza na tú ya kuamuru peke yake hajapata chochote cha kukatazia, na kwenye kazi yetu kukataza ni nusu ya maneno. Na ukishakuwa na kikundi, hata cha vijana waliokwambia tutéame mmoja mmoja, wingi wake kwa Amerika ya Kilatini ni ustedes tena.

Wageni wa Argentina na Uruguay nao wana vos badala ya tú: sentate, levantate, ponete, bila alama, mkazo uko ya pili kutoka mwisho kama Kiswahili. Kuondoka kwao ni andate. Lakini waweke wawili pamoja, wanarudi kwenye siéntense na váyanse kama wengine wote.

Majengo_Moja

Hapo kwenye kukataza umenishika, mwalimu. Nimeelewa hoja.

ChaliiWaSakina

Naomba kujaribu, mnisahihishe hadharani ili wengine wajifunze. Siku ya Tarangire halafu Ngorongoro:

1. "No pónganse ropa azul", msivae nguo za bluu, kwa ajili ya ndorobo.
2. "Abróchesen los cinturones", fungeni mikanda.
3. "Siéntense dentro para comer", kule kreta, mwewe wasiwanyang'anye chakula.
4. "Sentémosnos aquí", tukiwa kwenye kivuli.

MwalimuWaNjiro

Safi sana kujitokeza. Ya 3 iko sahihi kabisa, na ni ushauri mzuri. Mwewe wa kreta wanashuka juu ya lanchi boksi kabla mgeni hajafungua mdomo.

Ya 1: umekataza huku umegandisha. Ukishasema no, se lazima itoke mbele. "No se pongan ropa azul ni negra." Rangi hizo ndizo zinazowavuta ndorobo.

Ya 2: hili ni la Mswahili hasa, lipe muda. Wingi wetu unakaa mwisho kabisa wa neno: jifunikeni, jiandaeni. Kwa hiyo mkono unataka kuweka n mwisho, abróchesen. Kihispania kinaweka n kwenye kitenzi kwanza, ndipo se inafuata: abrochen, abróchense. Utawasikia hata baadhi ya wenye lugha yao wakisema "siéntesen" mitaani, lakini wewe usiifuate.

Ya 4: kwenye "sisi" s ya kitenzi inaanguka kabla ya nos. Sentemos, sentémonos. Vamos, vámonos. Angalia pia kwamba kwenye "sisi" ile ie haitokei: siéntense, lakini sentémonos. Acuéstense, lakini acostémonos.

Sasa geuza hizi ziwe za kukataza: acérquense, bájense, duérmanse.

ChaliiWaSakina

No se acerquen. No se bajen. No se duerman.

MwalimuWaNjiro

Sahihi zote tatu. Mbili za kwanza ni zako dereva.

Ya tatu, watu wa mlima, ichukueni ninyi. Alfajiri, karibu na Gilman's, nako ukingoni mwa kreta, mgeni mmoja akikaa juu ya jiwe kupumzika, usingizi unamchukua haraka kwenye baridi ile. Ni mmoja, kwa hiyo toa n. Inama karibu na uso wake, umwambie kwa sauti ya kawaida: No se duerma. Levántese. Vámonos.

DadaWaMarangu

Na kama amevua glovu apige picha: póngaselos.